Kushinda njaa si dawa ya unene: maswali ninayoulizwa kliniki

Nitajuaje kama uzito wangu umezidi?
Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa urefu huohuo, kisha gawanya kilo zako kwa jibu ulilopata. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, na chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Ni hesabu tu, haisemi lolote kuhusu tabia yako.

Nikiacha kula asubuhi na mchana, si nitapungua?
Hapana. Ninaowaona mimi hushinda na maji matupu, halafu usiku hufunua sufuria wakala wamesimama, harakaharaka, hadi tumbo liume. Baada ya hapo hujichukia na kuapa kwamba kesho hawatii kitu mdomoni. Kesho usiku wako palepale kwenye sufuria, na wakija kwangu wanasema hawana nia. Nia wanayo! Kilichowashinda ni njaa waliyoilea tangu asubuhi.

Lakini wapo wanaopanga saa za kula na wanapungua.
Wapo, na hao hawamalizii usiku kwa kufidia. Kama wewe unafidia, njia hiyo si yako. Usishinde njaa.

Mbona nikijinyima ndipo nazidi kukiwaza chakula?
Ndivyo mwili ulivyo. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walipunguziwa chakula kwa takriban miezi 6. Wakawa wanawaza na kuzungumzia chakula kutwa nzima, na baadhi yao walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengine walikula kupita kiasi na bado hawakuona kushiba. Hao walichaguliwa kwa uimara wao wa mwili na akili. Sasa wewe unajilaumu kwa lipi?

Nikishakula kupita kiasi, nijitapishe au ninywe dawa ya kuharisha?
Hapana, na tena hapana. Dawa ya kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa sehemu kubwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji, ndiyo maana mizani inakudanganya siku moja tu. Kutapika nako humwaga madini ya potasiamu, na yakishuka sana mapigo ya moyo huvurugika na mtu anaweza kufa. Meno huliwa na asidi. Usijitapishe, hata mara moja "ya kurekebisha".

Basi nianzie wapi?
Kula kwa saa zinazojulikana, na mlo wa kwanza usiuruke hata kama jana usiku uliharibu. Hasa kama uliharibu. Kabla ya kuongeza sahani ya pili, jiulize: ni njaa, au ni hasira, upweke, uchovu? Jibu likiwa hasira, chakula hakitaiondoa. Toka utembee, au mpigie mtu simu. Na lile wazo la "nimeshaharibu, acha nimalizie kabisa" ndilo linalowanenepesha watu kuliko kipande kimoja walichokula. Ukipunguza hata asilimia 5 ya uzito wako, shinikizo la damu na sukari vinaweza kuanza kunufaika. Huhitaji kukonda kwa ajili ya sherehe ya mwezi ujao.

Ndugu yangu namkumbusha kila siku kwamba amenenepa. Namsaidia?
Humsaidii. Kioo anacho. Unamfundisha kula kwa kujificha.

Nije lini kliniki?
Wengi huniambia, "Nilitaka nipungue kwanza ndipo nije." Usipungue kwanza. Njoo na uzito ulio nao. Kama angalau mara moja kwa wiki unakula kwa kushindwa kujizuia, na hali hiyo imefikia miezi 3, huo ni ugonjwa wenye tiba. Kama unajitapisha, au unatumia insulini na unaruka milo au dozi ili ukonde, usihesabu miezi, njoo leo. Ukizimia au mapigo ya moyo yakiruka, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.