Kamakawiwoʻole: maana ya jina la ukoo la Kihawaii na sababu ya uchache wake

Wengi waliowahi kuliona jina Kamakawiwoʻole waliliona kando ya picha ya mwanamume mwenye mwili mkubwa sana, ameshika ukulele, gitaa dogo la Kihawaii, uliokaa kifuani mwake kama kitu cha mtoto. Huyo ni Israel Kamakawiwoʻole, mwimbaji wa Hawaii aliyezaliwa mwaka 1959 na kufariki mwaka 1997, akiwa na miaka 38. Alipofariki, bendera ya Hawaii ilipeperushwa nusu mlingoti na mwili wake ukawekwa katika jengo la bunge la jimbo mjini Honolulu ili watu wamuage, heshima ambayo kabla yake walikuwa wameipata watu wawili tu, gavana mmoja na seneta mmoja. Sauti yake imezunguka dunia nzima. Jina lake, hata hivyo, wengi hulikwepa na kumwita IZ tu. Nasikitika wanapofanya hivyo, kwa sababu jina hilo lina maana nzuri, na nyuma yake kuna historia ya watu ambao hadi katikati ya karne ya 19 hawakuwa na majina ya ukoo kabisa.

Tuanze na matamshi: Ka-ma-ka-wi-wo-ʻo-le. Mzungumzaji wa Kiswahili hana cha kuogopa hapa. Kihawaii kina irabu zilezile tano, kila silabi huishia na irabu, na konsonanti mbili hazikai pamoja. Alfabeti nzima ina herufi 13: irabu 5 na konsonanti 8. Ile alama ndogo iliyo kabla ya "ole" si pambo. Inaitwa ʻokina nayo huhesabiwa kuwa konsonanti kamili, ni ule mkato wa sauti kooni tunaousikia tunapokataa kitu kwa kusema "a-a!" Nayo W ikifuata I husikika karibu na V, ndiyo maana Wahawaii wengi hutamka Kamakavivoʻole.

Sasa maana. "Ka" huja mbele ya nomino kuonyesha kwamba kinachotajwa ni kitu mahususi, jicho lile na si jicho lolote. "Maka" ni jicho, na kwa upana wake ni uso pia. "Wiwo" ni woga au haya. "ʻOle" hukanusha: bila, pasipo. Katika Kihawaii sifa hufuata nomino, kama kwetu, kwa hiyo mpangilio unasomeka moja kwa moja: jicho lisilo na woga, au uso usioogopa. "Wiwo ʻole" ni namna ya kawaida ya kusema kwamba mtu ni jasiri. Hakuna fumbo la kulazimisha hapo. Mhawaii anayejua lugha yake hulisikia jina hili kama sisi tunavyolisikia jina Chausiku au Mashaka, maana ikiwa wazi kwenye jina lenyewe.

Neno "maka" lina safari ndefu. Wasamoa na Watahiti husema "mata", Wamalay vilevile "mata", kwa sababu lugha hizi zote ni za familia moja, na katika Kihawaii T ya zamani iligeuka kuwa K. Familia hiyo imefika hadi mlangoni kwetu: Kimalagasi cha Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, nacho ni mmoja wa watoto wake, na jicho kwa Kimalagasi ni "maso".

Ukishalijua "ka" utaelewa pia kwa nini majina mengi ya Kihawaii huanza na Ka au Ke. Ni neno lilelile. Kwa kawaida nomino zinazoanza na a, e, o au k huchukua "ke", zilizobaki huchukua "ka". Kealoha ni upendo. Keola ni uhai. Kekoa ni shujaa wa vita, na koa ni mti mkubwa wa visiwani uliochongwa mitumbwi. Kahananui ni kazi kubwa. Kalani ni mbingu, lakini "lani" lilitumika vilevile kumtaja mtu wa ukoo wa watawala, na msikilizaji wa zamani alizisikia maana zote mbili kwa pamoja. Wahawaii wana neno kwa ajili ya maana hiyo ya ndani: kaona. Ndiyo inayomfanya mtu makini asilikatekate jina la mwenzake vipande na kudai amelijua.

Jina lilitoka wapi basi? Zamani kila mtu alikuwa na jina lake mwenyewe, moja, lililotungwa kwa ajili yake au kurithiwa kwa idhini kutoka kwa mhenga. Halikuonyesha kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Lilihesabiwa kuwa mali, tena mali ya thamani, lenye nguvu yake, ile waitayo mana. Kulichukua jina la mtu bila ruhusa lilikuwa kosa. Mwanazuoni Mary Kawena Pukui, aliyeshirikiana na Samuel Elbert kuchapisha kamusi kubwa ya Kihawaii na Kiingereza mwaka 1957, alieleza kwa kina namna majina yalivyopatikana. Lililo zito kuliko yote ni inoa pō, jina la usiku: mizimu ya wahenga humletea mtu wa familia jina katika ndoto, na hilo haliwezi kukataliwa, kwani iliaminiwa kwamba mtoto akinyimwa jina lake ataugua au kulemaa. Kulikuwa na jina la ishara iliyoonekana, jina la sauti iliyosikika bila msemaji kuonekana, na jina la kukumbuka tukio. Kulikuwa pia na inoa kūamuamu, jina baya la makusudi. Wazazi walioogopa kumpoteza mtoto walimwita, kwa mfano, Pupuka, yaani mwenye sura mbaya, ili roho za uharibifu zimwone hafai na zimpite.

Majina ya kukumbuka tukio yaliingia hadi ikulu. Mfalme Kalākaua alizaliwa tarehe 16 Novemba 1836, siku ambayo nahodha wa manowari ya Uingereza aliushurutisha utawala wa Hawaii utie saini mkataba. Ka lā kaua: siku ya vita. Dada yake aliyezaliwa mwaka 1838 ndiye aliyekuja kuwa malkia Liliʻuokalani, mtawala wa mwisho wa ufalme huo, aliyepinduliwa mwaka 1893. Alipozaliwa, mwanamke mwenye cheo kikubwa katika ukoo wa kifalme, Kīnaʻu, alikuwa akiumwa macho, na mtoto akapewa majina ya kueleza maumivu hayo: Liliʻu, yaani kuwashwa kwa uchungu, Loloku, kububujika machozi, Walania, maumivu ya kuungua, na Kamakaʻeha. Tazama hili la mwisho. Ka maka ʻeha, jicho linalouma. Ni "ka maka" ileile ya Kamakawiwoʻole. Jicho moja linauma, jingine haliogopi, na yote mawili yamekuwa majina ya watu wanaoheshimiwa visiwani hadi leo.

Kilichobadili mambo ni sheria. Tarehe 24 Agosti 1860 mfalme Kamehameha IV alitia saini sheria ya kuratibu majina. Mwanamke aliyeolewa achukue jina la mumewe. Mtoto wa ndoa achukue jina la baba liwe jina la ukoo, na wa nje ya ndoa achukue la mama. Tena kila mtoto apewe jina la Kikristo linalolingana na jinsia yake. Waliokuwa hai tayari walitakiwa kuchukua jina la baba yao vilevile.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kulielewa jambo hili kwa wepesi. Kwetu, mtoto wa Hassan akiitwa Juma atakuwa Juma Hassan, na mwanawe Ali atakuwa Ali Juma. Jina la baba linasogea kila kizazi na Hassan anabaki nyuma. Sheria ya Hawaii ilikataza kusogea huko. Jina la baba mmoja, aliyekuwa hai wakati ule, liligandishwa likawa la wajukuu na vitukuu wote. Mtu aliyeitwa Jicho-lisilo-na-woga kwa sababu yake mwenyewe, pengine kwa ndoto ya bibi yake, akageuka kuwa mwanzo wa ukoo. Na kwa kuwa watu hawakuifuata sheria kwa pamoja, wengine walichukua jina zima la baba, wengine kipande chake, wengine jina la babu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuishia na majina tofauti ya ukoo. Yeyote anayefuatilia nasaba ya Kihawaii hukutana na ukuta huu: kwenye hati za mgawanyo wa ardhi ulioanza mwaka 1848 mababu wanaonekana kwa jina moja moja, kisha nusu karne baadaye wajukuu wana majina mawili, na si rahisi kuona nani katoka kwa nani.

Hapo ndipo uchache ulipozaliwa. Majina mengi ya ukoo ya Kizungu yalitokana na kazi au mahali, hivyo wahunzi wa vijiji elfu moja wakaanzisha koo elfu moja zenye jina lilelile. Jina la Kihawaii la aina ya Kamakawiwoʻole lilitungiwa mtu mmoja. Kealoha limeenea kwa sababu upendo ni neno fupi ambalo familia nyingi zingeweza kulichagua kila moja kivyake. Fungu la maneno matatu au manne halijirudii hivyo.

Halafu kuna vifo, na hapa sioni namna ya kulainisha maneno. James Cook alipofika mwaka 1778 visiwa vilikuwa na mamia ya maelfu ya watu. Ndui, surua, kaswende na homa zilizoletwa na meli ziliwaangusha wenyeji kizazi baada ya kizazi, hata sensa ya mwaka 1890 ikakuta watu wenye damu ya Kihawaii wapatao 40,000 tu, wakiwamo machotara. Sheria ya majina ilipitishwa katikati ya msiba huo. Majina yaliyopata nafasi ya kuwa ya ukoo ni ya watu waliobaki. Baada yake, binti aliyeolewa na Mchina, Mreno, Mjapani au Mwamerika alilipoteza jina la baba yake, na ndoa za namna hiyo zilikuwa nyingi. Mwaka 1896, miaka mitatu baada ya mapinduzi, sheria ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na baadhi ya familia zikaanza kuyafupisha majina marefu au kuyaacha.

Kwa upande mwingine, si kila jina lenye mlio wa Kihawaii ni la Kihawaii kwa asili. Vibarua kutoka China walianza kuletwa kwa mikataba mwaka 1852, na "Ah", neno walilotanguliza mbele ya jina wanapoitana, liliungana na jina lenyewe. Hivyo ndivyo yalivyopatikana majina kama Akana na Apana. Leo yanabebwa na familia ambazo ni za Kihawaii kabisa kwa damu na malezi, ila chimbuko la jina ni ng'ambo.

Ukitaka kupima uadimu kwa namba, Ofisi ya Sensa ya Marekani ilitoa orodha ya majina ya ukoo kutokana na hesabu ya mwaka 2010, majina zaidi ya 162,000. Masharti ya kuingia ni jina kuwa na watu 100 au zaidi nchi nzima. Koo nyingi za Kihawaii hazifiki hapo, kwa hiyo kutoonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba jina halipo. Orodha hiyo pia haina ʻokina wala kahakō, ile mistari midogo ya kurefusha irabu. Hilo si dogo. "Kou" ni -ako, "koʻu" ni -angu. Jina likiandikwa Kaaina bila alama, linaweza kuwa ka ʻāina, ardhi, au ka ʻaina, mlo. Karatasi haiwezi kukuambia; familia inaweza. Kwa sababu hiyo, njia ya uhakika ya kujua maana ya jina la Kihawaii ni kuwauliza wazee wa ukoo wenyewe kabla ya kufungua kamusi.

Urefu nao umewahi kufika serikalini. Mwaka 2013 mwanamke mmoja wa Hawaii mwenye jina la ukoo la herufi 35 alilalamika kwamba leseni yake ya udereva, iliyokuwa na nafasi ya herufi 34, imelikata jina lake na kuliacha kabisa jina lake la kwanza. Alilipata jina hilo kwa marehemu mumewe, na kwa maelezo yake lilimjia babu wa mume ndotoni. Inoa pō halisi, bado hai katika karne ya 21. Hakukubali kulifupisha. Jimbo ndilo lililobadili mfumo, likaongeza nafasi hadi herufi 40.

Sharti la jina la Kikristo la mwaka 1860 lilidumu hata baada ya ufalme kuanguka na Hawaii kuwa jimbo la Marekani, hadi lilipofutwa mwaka 1967. Kwa zaidi ya miaka 100 jina la Kihawaii lilikuwa limebanwa katikati au mwisho, nyuma ya David, Samuel au Israel. Kihawaii kilirudishwa kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978, na mwaka 1984 shule za awali za Pūnana Leo zikaanza kupokea watoto wanaofundishwa kwa lugha hiyo. Tangu hapo wazazi wengi wameanza tena kuwatungia watoto majina kwa Kihawaii, wakiyaandika na ʻokina zake, na kuyaweka mbele.