Mto wa Alpi: maji yanayosubiri jua

Mtu akisema "mto wa Alpi", hana maana ya mto wowote unaopita jirani na milima hiyo ya Ulaya. Anazungumzia mto ambao sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye theluji na barafuto, yaani barafu ya kudumu iliyolala milimani. Alama yake kubwa ni majira. Wakati wa baridi mto husinyaa, kwa kuwa maji yamegandia huko juu. Joto likiingia, kuanzia mwezi wa Mei hivi, hufura. Kwa sisi tuliozoea mito inayojaa masika, jambo hili linashangaza kidogo: kwenye vijito vilivyo karibu na barafuto, siku ya jua kali isiyo na hata wingu moja ndiyo inayoleta maji mengi, na jioni huwa mengi kuliko asubuhi.

Tuchukue mto Inn. Unaanzia Ziwa Lunghin, mita 2,484 juu ya usawa wa bahari, karibu na Maloja nchini Uswisi. Juu kidogo ya ziwa hilo pana kipito, yaani pengo la kuvukia kati ya vilele, ambapo maji hugawana njia tatu. Tone likiangukia upande mmoja litaishia Bahari ya Kaskazini kwa njia ya Rhine. Upande wa pili litafuata Po hadi Bahari ya Adria. Upande wa tatu litaingia Inn, kisha Danubi, mpaka Bahari Nyeusi. Hatua chache tu za mguu, bahari tatu.

Kutoka hapo Inn husafiri kilomita zipatazo 517. Hupita bonde la Engadin, ambalo limeitwa kwa jina la mto wenyewe, hukata Tirol ya Austria, huingia Bavaria nchini Ujerumani, na mwishoni huwa mpaka kati ya Ujerumani na Austria. Innsbruck, mji mkuu wa Tirol, maana yake ni daraja la Inn, na daraja hilo halikuwekwa pale kwa bahati. Ndipo bonde la mto linapokutana na njia ya kupanda Brenner, mojawapo ya vipito vya chini kabisa vya kuvukia Alpi kwenda Italia. Wafanyabiashara wa zamani walipita hapo. Leo wanapita madereva wa malori, na wakazi wa bonde hulalamikia moshi na kelele zao.

Mto wenyewe ulikuwa barabara. Chumvi ya Hall, mji ulio karibu na Innsbruck, ilishuka kwa mashua, na magogo ya kuchemshia maji ya chumvi yaliletwa yakielea. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi: mashua zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Reli ilipofika Innsbruck kutoka Kufstein mwaka 1858, kazi hiyo ilianza kufa.

Siku hizi mto unazalisha umeme. Tatizo ni kwamba maji huja kwa wingi kiangazi, ilhali taa na majiko ya kupashia joto nyumba huhitaji umeme zaidi wakati wa baridi. Ndiyo maana kuna mabwawa kama Gepatsch, katika bonde la Kaunertal: huweka maji ya barafuto kiangazi na kuyaachilia baadaye. Kwa maneno mengine, binadamu amejenga akiba ya pili chini ya ile ya barafu. Na akiba ya kwanza inapungua, maana barafuto za Alpi zinayeyuka zaidi kuliko zinavyojazwa na theluji mpya.

Inn humalizikia Passau nchini Ujerumani, mji wa mito mitatu: Inn, Danubi na Ilz. Mvua kubwa za Juni 2013 zilipouvamia, maji yalifika mita 12.89 kwenye kipimo cha Danubi, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1501. Hata katika mwaka wa kawaida, Inn huleta maji mengi kidogo kuliko Danubi yenyewe, lakini jina linaloendelea hadi baharini ni la Danubi. Kwangu mimi huo ni uonevu. Simama kwenye ncha ya mji mwezi wa Julai uone: maji ya Inn, ya kijani-kijivu kwa vumbi la miamba iliyosagwa na barafu, hutanda juu ya mkondo na kuyasukuma yale meusi zaidi ya Danubi kwenye ukingo wa pili.