Saikonyuroimunolojia: wasiwasi unavyoifikia kinga ya mwili

Saikonyuroimunolojia ni elimu inayochunguza jinsi akili, mishipa ya fahamu na kinga ya mwili vinavyoathiriana. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe mkulima wa Tandahimba analijua: korosho zimeshauzwa mnadani, malipo hayajaingia, ada ya mtoto inadaiwa. Usingizi haupatikani, tumbo linasokota, na mafua aliyozoea kuyashinda upesi sasa yanamng'ang'ania.

Mtu akishikwa na wasiwasi, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu. Ukikutana na nyoka chini ya mkorosho, huo ni msaada mkubwa. Hofu ikikaa miezi ndipo kinga inapovurugika.

Zamani wataalamu wengi waliamini kinga hujiendesha yenyewe. Mwaka 1975 Robert Ader na Nicholas Cohen wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza jaribio hili: panya walinyweshwa maji yenye sakarini, kisha wakachomwa sindano ya dawa inayoshusha kinga. Baadaye, bila sindano, ladha ile tamu ilitosha kuishusha tena kinga yao. Ladha tu!

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa mwaka 1995, wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio. Wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau walitobolewa kidonda kidogo mkononi. Kilichelewa kupona kwa takriban siku 9 kuliko cha wenzao wasiouguza mtu. Nawafikiria akina mama wanaouguza wagonjwa katika hospitali za Ligula na Ndanda, mkoani Mtwara, wanaokula pale tu wanapokumbuka. Kumpokea zamu mmoja wao, alale usiku mzima, ni kuulinda mwili wake pia.

Haya hayana maana kwamba ugonjwa ni mawazo tu. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake. Akishughulikia na msongo wake, vizuri zaidi.

Habari husafiri upande wa pili pia. Ukiugua malaria, chembe za kinga hutoa kemikali ziitwazo saitokini, nazo huufanya ubongo ukate hamu ya kula na ya kukaa na watu. Unyonge ule si uvivu wala kudeka, ni kinga ikiwa kazini, na aghalabu hupungua kadiri maambukizi yanavyodhibitiwa.