Gorila ni laki tatu, barabara ndiyo inayokula pesa

Juma lililopita mwalimu mmoja wa Mwanza aliniandikia. Alikuwa amesoma kwenye intaneti kwamba kumwona gorila wa milimani Uganda ni dola 800, akapiga hesabu kwa shilingi za kwao, akaona safari hiyo si ya mtu wa mshahara wake. Alichotaka kwangu ni kumtajia mnyama mwingine wa bei nafuu. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, naishi Masaka, Uganda, na kazi yangu ni kuwapangia watu safari za hifadhini. Ujumbe kama wa mwalimu huyu huniuma kila unapokuja, kwa sababu bei aliyoisoma si yake.

Dola 800 ni ya mgeni anayetoka ng'ambo. Kwa viwango vya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda vilivyoanza Julai 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda kwa kibali cha gorila. Kwa Mkenya hiyo ni kama shilingi elfu 11 za kwao. Kwa Mtanzania ni laki mbili na kitu. Sokwe mtu wa msitu wa Kibale, ambaye mgeni wa mbali humlipia dola 250, kwetu ni shilingi 180,000. Angalia sana neno raia. Mzungu aliyeishi Nairobi miaka ishirini bado ni mgeni mkazi, naye analipa dola 700. Wewe uliyezaliwa Kahama au Kakamega unalipa laki tatu, mradi uwe na pasipoti au kitambulisho halisi cha taifa siku ya kwenda msituni. Picha ya kitambulisho kwenye simu usiitegemee.

Tatizo ni kwamba karibu ushauri wote ulioko mtandaoni kuhusu safari hizi umeandikwa kwa ajili ya yule wa dola 800. Kwake yeye kibali ni mlima, na mengine yote ni vichuguu. Kwa hiyo anashauriwa aone gorila mara moja, kisha abane matumizi kwenye chakula na malazi. Mwafrika Mashariki akifuata ushauri huo anabana pasipo na kitu cha kubana, na kule pesa zinakovuja hakuangalii kabisa. Hesabu yetu imekaa kinyume.

Nikuwekee mfano ninaoutumia mara nyingi, wa siku tano na usiku nne, kuanzia Kampala. Siku ya kwanza mnakwenda Fort Portal, kama kilomita 300, lami tupu. Siku ya pili asubuhi mnaingia Kibale kupitia Kanyanchu kuwatafuta sokwe mtu, jioni mnalala Katunguru. Siku ya tatu mnapanda boti kwenye mfereji wa Kazinga, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako viboko na nyati hujaa kingoni, halafu mnashuka kwa njia ya Ishasha hadi Buhoma, lango la kaskazini la Bwindi, msitu wa gorila. Siku ya nne ni ya gorila. Siku ya tano mnarudi Kampala, nayo ni saa tisa hadi kumi za barabarani. Mzunguko wote unakaribia kilomita 1,100.

Sasa gari. Kwa gari la kupanda milima pamoja na dereva natenga shilingi 250,000 za Uganda kwa siku, yaani 1,250,000 kwa siku tano. Mafuta ni kama lita 120, nazo natenga 620,000. Jumla 1,870,000. Mkiwa wanne, kila mmoja anabeba 467,500. Itazame tarakimu hiyo vizuri: hata mkiwa wanne, kiti cha gari kinazidi bei ya gorila. Mengine ya mtu mmoja ni haya: vibali viwili 480,000, kiingilio cha Queen Elizabeth na boti natenga 100,000, malazi usiku nne katika gesti safi, chumba cha watu wawili, 320,000, chakula 200,000, mpagazi na bahashishi 100,000. Ukijumlisha unapata 1,200,000 kabla ya gari, na 1,667,500 ukiweka gari. Mimi huongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya dharura, hivyo namwambia mteja aandae milioni moja na laki nane na nusu.

Ukienda peke yako, gari lile lile ni 1,870,000 juu ya kichwa chako, zaidi ya kila kitu kingine kwa pamoja. Ndiyo maana mtu akiniuliza apunguze wapi, simwambii atafute gesti ya bei ya chini zaidi. Namwambia atafute wenzake watatu. Akimpata mmoja tu, kwenye gari ameokoa 935,000, na hiyo inalipia vibali vitatu vya gorila na chenji inabaki.

Njia ya pili ya kuokoa ni kuifupisha barabara yenyewe, na hapa Watanzania wa Kanda ya Ziwa wana bahati wasiyoijua. Wengi huvuka Mutukula, wakapanda hadi Kampala kwa sababu ndiko basi liendako, wakalala, halafu kesho yake wakateremka tena kwa barabara ile ile waliyopandia. Kampala si njiani. Kutoka Mutukula unapita Kyotera, unafika Masaka, na hapo hapo unashika barabara ya Mbarara, kisha Ntungamo, Rukungiri na Kihihi hadi Buhoma. Umeokoa zaidi ya kilomita 250 za kwenda na kurudi Kampala, pamoja na kulala. Tena njiani kabla ya Mbarara kuna Hifadhi ya Ziwa Mburo, ndogo na tulivu, ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori katikati ya pundamilia. Mkija na gari lenu, kateni kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya nchi jirani, kabla ya kuvuka mpaka, na kila mtu awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Nifike kwenye jambo ambalo nisingependa mtu mwingine ajifunze kama nilivyojifunza mimi. Bwindi ina malango manne ya kuonea gorila: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 321 tu, na kwenye ramani malango haya yanaonekana kama nyumba za jirani. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliwapangia wageni wanne malazi Buhoma. Vibali vya Buhoma vikawa vimekwisha siku ile, nikachukua vya Rushaga, na malazi nikayaacha palepale. Nilidhani ni mwendo wa saa moja. Tuliondoka saa tisa usiku, mvua ikatukuta karibu na Ruhija, lori lilikuwa limekwama kwenye tope mbele yetu, na tulipofika Rushaga ilikuwa saa nne asubuhi. Makundi yote yalishaingia msituni. Kibali ni cha siku ile na lango lile. Mama mmoja katika kundi lile alikuwa ameweka akiba tangu mwaka uliotangulia, na nilimwona amekaa kwenye jiwe, viatu vipya vya kutembelea msituni bado visafi. Nilirudisha pesa zao zote. Ile siku sikuweza kuirudisha.

Tangu hapo napanga kwa utaratibu mmoja tu: kibali kwanza, kitanda baadaye. Kwanza ujue lango na tarehe, ndipo utafute gesti mahali penyewe, si mbali zaidi ya nusu saa, na ulale hapo usiku wa kabla. Wanaotokea Kibale na Queen Elizabeth, Buhoma ndiyo yenu. Wanaotokea Kabale, Kisoro au Rwanda, tafuteni Rushaga au Nkuringo. Kuhusu tarehe, kila familia ya gorila hutembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, wageni wa mbali huvichukua vibali mapema sana, na ndiyo miezi ambayo shule zetu nazo hufungwa. Ukitaka kusafiri wakati huo, shughulikia kibali miezi minne au mitano kabla, kwa Mamlaka yenyewe pale Kamwokya, Kampala, au kwa kampuni ya safari yenye leseni. Mimi binafsi napenda siku za mwanzo wa Machi. Mvua inaweza kukupata, lakini Bwindi hunyesha hata kiangazi, na koti la mvua ni rahisi kuliko kugombania nafasi.

Kampuni ikikutajia bei ya kibali kwa dola, simama. Waulize uraia wako umeandikwa vipi kwenye maombi. Nimewahi kupokea familia ya Eldoret iliyokuwa imekwisha kulipa bei ya mgeni wa ng'ambo kwa watu watatu kwa sababu hakuna aliyewauliza wanatoka wapi.

Kwa aliye peke yake na hana wa kugawana naye gari, ipo njia ya mabasi, wala si ya kudharau. Kuna mabasi ya Kampala yanayofika Butogota, na kutoka hapo bodaboda inakufikisha Buhoma. Kwa sokwe mtu, teksi za Fort Portal kwenda Kamwenge zinapita mlangoni pa Kanyanchu. Teksi kwa hapa Uganda ni ile mnayoiita matatu au daladala. Ukitaka gari la peke yako unasema "speshohaya", na bei yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo chunga neno unalotamka. Njia ya mabasi inakudai siku moja zaidi kila upande. Usiibane hiyo siku.

Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kwa gorila, na hakuna kubembeleza. Ukiwa na mafua pia utabaki. Magonjwa yetu ya kifua huwaambukiza, na sensa iliyofanyika mwaka 2018 katika msitu wa Bwindi na Sarambwe, ulioko upande wa Kongo, ilihesabu gorila 459 tu. Nimeona mtu akimeza vidonge alfajiri ili asikohoe mbele ya waongozaji. Nakuomba usifanye hivyo. Afadhali ukose wewe.

Halafu mpagazi. Najua utasema begi lako ni jepesi na wewe ni kijana. Mchukue hata hivyo. Miteremko ya Bwindi inateleza, kutembea kunaweza kuwa saa moja au kukawa sita, na mkono unaokushika pale ni wa kijana wa kijiji kinachopakana na msitu, ambaye shamba la baba yake huliwa na wanyama hao hao tunaokwenda kuwatazama. Sheria inarudisha asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii za jirani, lakini pesa unayomkabidhi mkononi inafika siku ile ile. Hapo hapo Buhoma wapo Batwa, ambao msitu huu ulikuwa nyumba yao hadi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 wakatolewa. Wana ngoma na kazi za mikono wanazouza wenyewe. Ukinunua, nunua kwao moja kwa moja.

Kiswahili chako kitakusaidia kwa madereva, wafanyabiashara na askari. Kijijini watu huzungumza Rukiga, kwa hiyo mwamkie mpagazi wako "Agandi". Atakujibu "Nimarungi", na mtapanda mlima mkiwa mmeshajuana.

Yule mwalimu wa Mwanza amenijibu jana. Amewapata wenzake wawili pale shuleni, wanamtafuta wa nne, na wanavuka Mutukula mwezi Machi. Malazi bado sijawatafutia. Nasubiri kwanza nijue wamepata lango gani.