Ulinzi wa mwanafunzi katika somo la muziki: maana yake

Mzazi wa Mikindani akiambiwa mwalimu wa kinanda ana "utaratibu wa ulinzi wa mwanafunzi", huenda akashtuka: kwani kumetokea nini? Huenda hakujatokea lolote. Ulinzi wa mwanafunzi ni mipango inayowekwa mapema ili anayejifunza asipigwe, asidhalilishwe, asiguswe isivyofaa.

Muziki una mazingira yake. Somo la hesabu lina darasa zima. La kinanda mara nyingi lina watu wawili, mlango umefungwa ili kelele zisitoke. Tena mwalimu hurekebisha mkao, hushika vidole, huonyesha pumzi inavyoshuka tumboni. Mtoto atajuaje mguso wa kufundisha umeishia wapi? Ndiyo maana mwalimu makini huanza na mwili wake mwenyewe: "Weka mkono wako tumboni kama mimi, vuta pumzi." Ikibidi amguse mwanafunzi, humwomba kwanza, na akikataliwa hanuni. Mlango huachwa wazi. Majirani watazizoea do-re-mi.

Kisha kuna yanayotokea nje ya somo. Mazoezi ya kwaya pale Masasi yakiisha usiku kuelekea Pasaka, nani anamrudisha mtoto nyumbani? Meseji za mwalimu zinaingia simu ya mzazi, au ya binti peke yake? Ahadi ya "nitakupeleka Dar ukarekodi" ikifuatwa na "usimwambie mama", hapo pana jambo.

Rula ya vidole na "unaimba kama chura" tumezoea kuviita ukali wa fani. Mimi naviweka kwenye madhara, hata kama waliotufundisha walivitumia.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa vitendo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo.

Mtoto akikusimulia, msikilize hadi amalize. Usimrudishe kusimulia kwa kila shangazi, wala usiruhusu viongozi wa kwaya wayamalize kimyakimya kwenye kikao baada ya ibada.