"Akichomwa Sindano Atakufa": Maswali ya Degedege Tunayoulizwa Maabara, Kigoma

Degedege ni nini?
Mtoto anashtuka, macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa, mara nyingi akiwa na homa kali. Mkoani kwetu, cha kwanza kushukiwa ni malaria. Si ndege wa usiku, si jini.

Ni kweli mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa?
Hapana. Anayekufa ni aliyecheleweshwa. Homa imeanza Jumatatu, kapewa panadol. Jumatano kashtuka, kafukizwa majani. Ijumaa analetwa hajitambui, viganja vyeupe. Anachomwa sindano, muda mfupi baadaye anafariki, na msiba mzima unasema sindano imemuua. Yale majani hayatajwi!

Mna ushahidi gani?
Upo, tena wa Afrika. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa 2010, ulihusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9, Tanzania ikiwemo. Wengine walichomwa artesuneti, wengine kwinini, zote dawa za malaria kali. Waliofariki ni asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesuneti kwa watoto pia. Na hao wote walikuwa wagonjwa mahututi waliochomwa sindano, na wengi wao hawakufa. Hata degedege baada ya kulazwa ilipungua kwa waliopata artesuneti.

Kwa hiyo, narudia: sindano inaua? Hapana. Kuchelewa ndiko kunakoua.

Mbona mnamtoboa kidole kwanza?
Ili tujue tunatibu nini. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu na takribani dakika 15, kwa hiyo msitugongee dirisha baada ya dakika tatu. Mstari wa C peke yake, hakijaona malaria; ukiongezeka mwingine, anayo; C isipotokea, kipimo kimeharibika, tunarudia.

Kipimo hicho kinanasa protini ya vimelea, ambayo hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa. Kwa hiyo kama alimeza mseto (vidonge vya malaria) wiki mbili zilizopita, semeni, tutatazama slaidi kwa hadubini. Wazazi wengi wanaficha dawa walizonunua dukani, sijui wanamwogopa nani.

Akishtukia nyumbani?
Mlaze ubavu, mlegezee nguo. Usimtie kitu mdomoni: si kijiko, si maji, si dawa ya majani. Kisha ondokeni, hata kama ametulia. Mlio vijiji vya mwambao, msikae kusubiri boti ya kesho ya kwenda mjini. Anzeni zahanati ya karibu, anaweza kupewa dozi ya kwanza kabla ya rufaa.

Baada ya sindano ndiyo basi?
Bado. Artesuneti hurudiwa baada ya saa 12 na saa 24. Akiweza kumeza, anaanza mseto, asubuhi na jioni kwa siku 3. Mpeni pamoja na chakula chenye mafuta, dawa hufyonzwa vizuri zaidi. Mboga ya mawese inatosha kabisa. Na vidonge visibakizwe kwa ajili ya mdogo wake. Tafadhali sana.

Bibi yake amekataa asichomwe. Tufanyeje?
Njooni naye. Shikamoo tutampa, kiti tutampa, na maswali yake tutayajibu mtoto akiwa tayari anatibiwa. Ila kikao cha ukoo kisifanyike kwanza nyumbani.