Kwa nini wimbo uleule uliokuchezesha hukuliza ukiimbwa taratibu

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kava ya huzuni (wimbo wa zamani ulioimbwa upya na mtu mwingine) ya wimbo anaoujua, halii papo hapo. Kwanza hukunja uso. Piano inapita taratibu, ngoma hakuna, besi hakuna, na yeye bado hajajua kinachopigwa. Mstari wa kwanza ukitoka, maneno ndiyo yanayomshtua: "Kumbe ni ule wimbo!" Kuanzia hapo anasikiliza nyimbo mbili kwa mpigo, huu unaoimbwa sasa na ule anaoukumbuka kimoyomoyo. Nguvu yote ya kava ya aina hii, kwa maoni yangu, iko kwenye pengo lililo kati ya hizo mbili. Pengo likiwa dogo mno, msikilizaji anaona ni wimbo uleule uliopunguzwa spidi. Likiwa kubwa mno, anaona ameporwa wimbo wake, na hasira yake ni ya kweli.

Spidi ndiko wapangaji wengi wa muziki wanakoharibu. Chukua wimbo wa kucheza wenye mapigo 120 kwa dakika. Mstari wa baa 4 (vipande sawa vya wimbo), kila baa mapigo 4, una mapigo 16, yaani sekunde 8, na mwimbaji anaumaliza kwa pumzi moja. Shusha hadi mapigo 60 na mstari huohuo unakula sekunde 16. Ni wachache wanaofika mwisho bila sauti kukonda, kwa hiyo lazima pumzi ivutwe katikati. Pumzi hiyo haikuwepo kwenye wimbo wa awali, na msikilizaji anayeujua anaisikia waziwazi.

Tuseme mstari ni "Nilikungoja mlangoni mpaka taa zikazimwa." Vuta pumzi baada ya "mlangoni", na kwa nusu sekunde msikilizaji anamwona mtu amesimama pale, bado anangoja. Vuta baada ya "mpaka", na inaonekana mwimbaji kasahau maneno. Mwimbaji ni yuleyule na noti ni zilezile, lakini mstari mmoja unachoma na mwingine unachekesha. Ndiyo maana nashauri maneno yote yaandikwe kwenye karatasi na alama za pumzi ziwekwe kwa kalamu kabla ya kuchagua spidi. Mara nyingi jibu linaangukia kati ya mapigo 66 na 76 kwa dakika. Kwenye 72, mstari ule unachukua sekunde 13 na kidogo, muda unaotosha pumzi moja fupi mahali pazuri.

Spidi inafanya na kazi nyingine. Kwenye mapigo 120, silabi mbili kwa kila pigo ni silabi 4 kwa sekunde, karibu na mwendo wa mazungumzo ya kawaida. Kwenye 66 zinakuwa 2.2, mwendo wa mtu anayesema kwa shida. Mwaka 2003 watafiti Patrik Juslin na Petri Laukka walikusanya tafiti nyingi kuhusu hisia katika usemi na katika muziki, wakaona mtu mwenye huzuni na mwanamuziki anayeigiza huzuni wanatumia mbinu zilezile: polepole, kwa sauti ya chini, bila makali. Sikio linatambua mtu mwenye majonzi kabla akili haijafuatilia anasema nini.

Halafu maneno yenyewe yanasikika upya. Watu wengi wameimba kiitikio fulani kwa miaka bila kujua kinasema nini, kwa sababu miguu ilikuwa na shughuli zake. "Dancing On My Own" wa mwimbaji Robyn, wa mwaka 2010, unamhusu mtu anayemtazama mpenzi wake akiwa na mwingine kwenye ukumbi wa dansi. Mwimbaji Calum Scott alipoutoa upya kwa piano mwaka 2016 ukafika namba 2 kwenye chati za Uingereza. Kuna wasikilizaji waliohisi wameufahamu wimbo kwa mara ya kwanza, na kuna wanaoshikilia kwamba machozi yalikuwemo tangu mwanzo, yamefichwa chini ya mdundo, na kwamba kule kuyaficha ndiko kulikokuwa kunauma. Naona pande zote mbili zina haki. Lakini mabishano yenyewe yanatoa kipimo kizuri: soma maneno ya wimbo kwa sauti kama barua, bila tuni. Yakisimama kama barua, kava inawezekana. Kama kiitikio kimejazwa "oo-oo" na majigambo, ukikiimba kwa majonzi watu watacheka, na watakuwa na haki.

Kwenye noti, kosa la kawaida ni kuugeuza wimbo wote kutoka meja (mpangilio wa noti unaosikika wa furaha) kwenda maina (unaosikika wa huzuni). Ukifanya hivyo, "mi" inashuka nusu toni na tuni yenyewe inabadilika, msikilizaji anapoteza ule uzi aliokuwa ameushika. Acha tuni kama ilivyo, badilisha kilicho chini yake. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya Do meja ina do, mi, so. Ya La maina ina la, do, mi. Noti mbili kati ya tatu ni zilezile. Kwa hiyo pale wimbo ulipokuwa unaanza kwenye Do, anza kwenye La maina: mwimbaji anaimba "mi" yake kama kawaida, ila sakafu imeondolewa chini ya miguu. Akifika kwenye "so", noti hiyo haimo kabisa kwenye La maina, inaning'inia, na ule mning'inio ndio wasikilizaji wanaouita "kitu fulani" wakishindwa kuuelezea. Fanya hivi kwenye ubeti, kisha kwenye kiitikio cha kwanza rudisha Do meja. Huzuni inayopakwa mwanzo hadi mwisho inachosha, ilhali mwanga mdogo katikati unaizidisha.

Watu husema "nimelia" na "nimesisimka" kana kwamba ni jambo moja, na sivyo. Mwanasaikolojia John Sloboda aliwauliza wasikilizaji, kwenye utafiti alioutoa mwaka 1991, ni sehemu gani hasa za muziki zinazowagusa mwilini. Machozi yalihusishwa sana na noti inayoegemea, ile inayotua kwa kuchelewa, kama "fa" inayokaa juu ya kodi ya Do kabla ya kushuka kwenye "mi". Msisimko wa vinyweleo ulihusishwa na kodi isiyotarajiwa. Kwa mpangaji hii ni zana ya kazi. Unataka machozi? Chelewesha kutua kwa noti ya mwisho ya mstari kwa pigo moja. Unataka vinyweleo? Badilisha kodi mahali ambapo kila mtu anajua kinachofuata. Mara moja tu kwa wimbo mzima, kwa sababu mara ya pili wameshakutegea.

Si kila anayeguswa anasikia huzuni tupu. Liila Taruffi na Stefan Koelsch, katika utafiti wao wa mwaka 2014 uliohusisha watu 772, waliona hisia iliyotajwa zaidi kwa muziki wa huzuni ni ile ya kukumbuka yaliyopita kwa utamu na uchungu. Kava inaipata hisia hiyo bila jasho, maana wimbo umeshabeba miaka ya msikilizaji. Asiyeujua wimbo wa awali anasikia balladi nzuri, basi.

Kuhusu kurekodi, nitasema kwa kifupi. Weka maikrofoni sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, na kichujio cha pumzi katikati. Kompresa, zana inayobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, itazikuza pumzi. Zishushe kama desibeli 6, usizifute, kwa sababu ukizifuta umeondoa mtu ukaacha sauti. Mwangwi wa sekunde 2 unatosha, ukianza milisekunde 40 hadi 60 baada ya sauti ili konsonanti zibaki safi. Mwangwi mkubwa mno unampeleka mwimbaji kanisani wakati tunamtaka kitini kando yetu. Tangu trela ya filamu "The Social Network" mwaka 2010 itumie kwaya ikiimba taratibu wimbo maarufu wa bendi ya Radiohead, masikio yamezoea piano yenye mwangwi na sauti ya kunong'ona, kiasi kwamba wengine wakiisikia wanangoja tangazo.

Ukitaka kujua kava imefanya kazi, usiwaulize watu kama inahuzunisha; swali lenyewe limeshawapa jibu. Tafuta watu 10 hadi 12, nusu wanaujua wimbo, nusu hawaujui. Wapigie mara moja bila kutaja jina. Andika sekunde ambayo kila mmoja anatulia, anainua kichwa au anaacha simu. Kisha uliza mawili: "Wimbo unahusu nini?" na "Mstari gani umebaki?" Ukiupiga na wa awali kulinganisha, sawazisha sauti kwanza, kwa sababu ule wa awali umebanwa na unavuma zaidi, na kinachovuma huonekana bora. Wanaoujua wakitaja mstari wa ubeti wa pili ambao hawakuwahi kuukariri, hapo maneno yamewafikia. Wakitaja kiitikio tu, wamekumbuka wimbo wa zamani, hawajausikia wako.

Mwisho, acha sekunde 3 au 4 za ukimya baada ya noti ya mwisho kabla ya kukata faili. Programu za kusikilizia huruka moja kwa moja kwenye wimbo unaofuata, na chozi lililokuwa linakuja linakatizwa na ngoma za mtu mwingine.